Kwa Nini Sikumpa Kahindi Usimamizi

Bofu, Likoni

Kaka yangu Karisa,

Shikamoo. Simu uliikata, lakini salamu haikatiki, kwa hivyo naanza nayo. Mama hajambo? Miguu imepungua kuvimba tangu aanze zile dawa? Na wifi, na watoto, na mvua je? Huku imenyesha mpaka ukuta wa bafu umeota ukungu, na kila nikiitazama najiuliza kama angalau wingu moja limefika huko nyumbani Bamba. Mimi sijambo sasa. Kifua kimefunguka, napanda ngazi bila kusimama katikati. Shemeji yako Katana yuko salama, bado ni mlinzi kule Changamwe, na Neema yuko shule, anarefuka kama mpapai.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu sisi wawili hatuwezani. Wewe ukikasirika unanyamaza. Mimi ukininyamazia naanza kusema mbio mbio, na mwisho kila mtu anabaki na lake moyoni. Kabla hujakata ulisema neno moja: "Damu yangu umeiweka chini ya mgeni." Neno hilo limenikaa. Sitaki kulijibu kwa ukali. Nataka nikueleze ilivyokuwa, maana aliyekuletea habari alikuletea kipande tu.

Kwanza nataka ulione hili likiwa limeandikwa kwa mkono wangu. Baba alipofariki, karo haikutosha watu wawili, na ni wewe uliyesema mimi ndiye niendelee. Ukashika jembe. Mbuzi waliouzwa nije Mombasa nisome uhazili walikuwa mbuzi wako, na hujanisimanga nao hata siku moja. Nilipokosa ofisi, nikatembea Changamwe nzima na bahasha ya vyeti kwapani, kisha nikaishia kusafisha vyumba na kufua mashuka katika hoteli ya Shelly Beach, hukunisema. Lakini Mama aliniambia siku habari ilipofika chakula kilipoa mbele yako.

Baadaye hoteli ile ile ilipotaka mtu wa mapokezi, nikaitwa mimi kwa sababu ya kile cheti cha uhazili, nikasema nitabaki chumba cha kufulia. Hilo ndilo lililokushinda kabisa. Uliniuliza, "Nimekusomesha uwe dobi?" Jibu ni la kitoto kidogo: niliipenda kazi. Nilipenda shuka linaloingia limechafuka na kutoka limenyooka. Nilipenda kujua kwa nini doa la embe halitoki kama doa la chai, na kwa nini maji ya kisima cha huku, yenye chumvi, yanakula sabuni bila kutoa povu. Kila siku nilikuwa najua kitu ambacho jana sikukijua. Wenzangu wa mapokezi walikuwa wasafi kuliko mimi, na mishahara yao ilikuwa mizuri kuliko wangu. Wageni walipopungua hoteli ikafungwa, sote tulitoka lango moja. Sisemi walikosea, wako wengine leo wamekaa pazuri. Ila mimi nilitoka na kazi yangu mikononi, na wiki ile ile nilikuwa nafua mashuka ya nyumba moja ya wageni, kwenye beseni, nyuma ya chumba nilichopanga.

Unajua pia jinsi nilivyokwenda polepole. Mlikuwa mnanisubiri nijenge nyumba ya mawe hapo nyumbani kama watoto wa jirani walioko mjini, na mimi nanunua tangi la maji. Mwaka mwingine tangi jingine. Halafu mashine iliyotumika, ya hoteli ile ile iliyofungwa. Mama alikaa chini ya makuti yanayovuja zaidi ya nilivyopenda, na kila mvua ikinyesha huku nilikuwa namsikia akisogeza kitanda. Lakini kaka, bila tangi nilikuwa nanunua maji matamu kwa mikokoteni, na faida yote ikiishia kwenye mitungi. Ningejenga kwanza, ile nyumba ingesimama na mimi ningeanguka. Mabati ya Mama yalikuja baadaye, na yalikuja kutoka kwenye yale matangi.

Sasa nije kwa mwanao Kahindi.

Ulipomleta, ulisema, "Mfunze, halafu umwachie." Nilifurahi kwa moyo wote. Mtoto ana adabu, anaamka kabla ya kuamshwa, na sura yake ni ya Baba ukimwona kwa ubavu. Nilimwanzisha pale nilipoanzia mimi: kutenganisha nguo, kuanika, kukunja, kupeleka kwa wateja. Aliyemwelekeza ni Mwanaisha. Huyu ndiye unayemwita mgeni, na hujawahi kumwona, basi nikujuze.

Mwanaisha ni mjane wa hapa hapa Bofu, ana watoto watatu. Kabla yake niliajiri kwa huruma. Mmoja nilimchukua kwa sababu tunasali kanisa moja, mwingine kwa sababu alilia mbele yangu, na mwingine ni yule binti wa mjomba unayemjua. Wote waliondoka vibaya, na undugu na kanisa vikaingia doa lisilotoka. Mwanaisha alipokuja kuomba kazi, alitazama ninavyofua mapazia, akaniuliza natoza vipi. Nilipomwambia, akasema, "Dada Kache, usiudhike, lakini mapazia unayafua bure. Sabuni na maji yanakwenda, na wewe unashukuru." Nilikasirika. Usiku nikapiga hesabu, nikaona kweli. Kesho yake nikamwita. Tangu siku ile nimejua kwamba mtu anayeweza kunipinga usoni ndiye ninayeweza kumwachia ufunguo.

Masika yalipoanza nikashikwa na nimonia, nikalazwa. Kitandani pale hospitali nilimwambia Kahindi, "Shika kazi mpaka nirudi." Sikumwambia Mwanaisha chochote. Nilidhani anajua la kufanya, na nilidhani Kahindi naye atamsikiliza. Basi akashika. Kaka, mwanao hana uvivu, na hili nataka ulisikie vizuri. Tatizo lake lilikuwa jingine: hakuweza kumwambia mteja hapana. Kila aliyepiga simu alimjibu "sawa". Nyumba hii, sawa. Nyumba ile, sawa. Alitaka nirudi nikute kazi imeongezeka, nijivunie.

Katika wateja hao alikuwamo Bi Zuhura. Ni mama mtu mzima wa ukoo wa zamani wa wafanyabiashara, ana nyumba ya wageni karibu na Shelly Beach, na wiki ile ilijaa wageni wa harusi. Mvua ilikuwa hainyamazi. Kamba zote zimejaa na mashine ya kukaushia tunayo moja tu, ndogo. Mwanaisha alishika shuka, akamwambia Kahindi, "Hayajakauka haya. Shika hapa kwenye upindo."

"Nimewaahidi mchana," Kahindi akasema.

"Mpigie Bi Zuhura, mwambie kesho."

"Atatuacha. Shangazi atarudi akute tumepoteza mteja."

"Hatatuacha kwa kungoja. Atatuacha kwa harufu."

Kahindi akaagiza yafungwe. Yakafungwa na ubichi wake, yakapelekwa.

Siku niliyotoka hospitali, nimekaa ukumbini na shuka mabegani, Bi Zuhura akaingia. Hakupaza sauti. Watu wa aina yake wakikasirika sauti inashuka. Alikaa, akakipakata kifurushi cha foronya.

"Pole na maradhi, Kache," akasema. "Sikuja kumsumbua mgonjwa. Lakini nusa mwenyewe."

Nikanusa. Uvundo wa nguo iliyofungwa mbichi, wewe unaujua, kama kanga iliyosahauliwa ndooni.

"Bibi harusi alinirudishia hizi kwa mkono wake," akasema. "Wallahi nimeona haya nyumbani kwangu. Alozifunga ni nani?"

Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Ni sisi, Bi Zuhura. Ni hii mvua."

Nilimtazama Kahindi. Nilidhani atainamisha kichwa aache neno hilo lipite, maana njia ilikuwa imeshafunguliwa. Akasema, "Si sisi. Ni mimi. Da Mwanaisha alinikataza, nikamshinda kwa maneno."

Kaka, nilitaka kukupigia saa ile ile nikwambie mwanao ni mwanamume.

Bi Zuhura akaweka kifurushi chini. "Haya. Ulimi wako wajua njia ya kweli," akasema. Kisha akanigeukia. "Sikiza, Kache. Ya nyumbani kwenu mimi siyaingilii. Lakini siku nyingine nikija na wewe hupo, nataka niambiwe neno la mwisho hapa ni la nani. Nikiambiwa ni la huyu," akamwonyesha Mwanaisha kwa kidevu, "nitaleta mashuka. Nikiambiwa hakuna ajuaye, basi, tutasalimiana tu njiani."

Siku ya pili yake niliwaita wote wawili. Kabla sijafungua mdomo nilikuona wewe, na jembe lako, na wale mbuzi. Nikasema hata hivyo: Mwanaisha ndiye msimamizi kuanzia leo. Halafu nikajitayarisha kwa machozi au hasira ya Kahindi. Hakukuwa na chochote. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akamgeukia Mwanaisha, akasema, "Asante." Hapo ndipo nilipoanza kushuku kuna jambo nisilolijua.

Nililijua siku chache baadaye. Tulipakia mashuka kwenye tuktuk twende tukayapeleke pamoja, mimi nikatake radhi kwa wateja. Tulipofika mlango wa jikoni wa nyumba mojawapo, mpishi akatoka anafuta mikono, na wala hakuniona mimi. Akamwambia Kahindi, "Mtu wangu wa kuku! Umefikia wapi?"

"Kuku gani?" nikauliza.

Kahindi akaona haya, akasema tutazungumza njiani. Njiani akasema yote. Kumbe kila jikoni anapopeleka mashuka, alikuwa anauliza kuku wa kienyeji wanatoka wapi. Na kila mpishi anamlilia: leo wapo, kesho hawapo, wakija wamekonda, na wageni wanawataka hao hao. Akawa anaweka kichwani nani anataka wangapi, wa ukubwa gani, siku gani. Alikuwa anaisema habari hii macho yanang'aa, kaka, na mimi nimekaa naye miezi bila kuyaona macho hayo hata mara moja juu ya shuka.

"Shangazi," akaniambia, "ule upande wa kisima cha zamani nyumbani hauna kazi. Kuna kivuli. Naweza kuanza na wachache, nikawajengea banda, nikawachanja kideri kwa wakati. Kwetu kuku hufa wote kwa mara moja kwa sababu hakuna anayewachanja."

"Umemwambia baba yako?"

Akatazama nje. "Baba nikimtajia shamba anauma meno. Anasema hakukaa pale ili na mimi nikae pale. Shangazi, mimi huku sikuja kwa kupenda. Nilikuja kwa sababu alisema, na nilipomwona anafurahi nikashindwa kumwambia."

Sijui kama nina haki ya kukuandikia ninayoyaandika, lakini yeye ameniomba. Amesema mdomo wake haumpi.

Kaka, miaka yote hii nimekuwa nikiogopa kukuuliza kama jembe lile ulilishika kama kazi au kama kifungo. Nadhani ulilishika kama kifungo, na umeapa mwanao hatafungwa. Hakuna baba bora kuliko anayeapa hivyo. Lakini mwanao halitazami shamba kama unavyolitazama wewe. Wewe unaliona kama mahali ulipoachwa. Yeye analiona kama mahali ulipofanya jambo. Aliniambia unajua kwa kushika udongo kama mahindi yatatoka au yatakauka, akaniuliza kwa nini unauonea haya ujuzi huo. Nikamwambia akuulize mwenyewe.

Unaponiambia nimpe usimamizi kwa sababu ni damu, nakuelewa. Ungekuwa wewe una kiwanda na Neema akaja, ungempa kiti chako. Ila jua kwamba ningempa Kahindi kiti kile, kwanza angenipotezea wateja, na hilo lingevumilika, tungewatafuta wengine. Lakini angekaa pale mpaka nywele ziote mvi, akifanya kazi anayoichukia kwa heshima yako na yangu, na sisi wawili tungemsifu kwa utiifu. Wewe uliacha unachokipenda ili mimi nipate. Mtu mmoja wa hivyo anatosha kwa nyumba moja.

Sikumpa fungu la fedha, wala usiniombe nimpe. Si uchoyo. Nimeona wengi huku waliopewa mtaji mzima kwa mkupuo mmoja na jamaa aliyerudi kutoka ng'ambo. Duka likafunguliwa kwa muziki, kabla ya mwaka kwisha likawa banda tupu. Nimemnunulia mitetea wachache na jogoo, chanjo, na waya wa banda. Wakizaa, hao ndio mtaji wake. Wakifa, atakuwa amefiwa na wachache, na atajua kwa nini wamekufa. Asiuze wale wa mwanzo hata akibanwa. Hilo nalo nakuomba umsimamie, maana wewe ndiye mwenye moyo wa kungoja katika familia hii. Mimi nilijifunza kwako, usione nimezaliwa nao.

Na Bi Zuhura nimemweleza. Amecheka, akasema, "Kumbe mwenye ulimi ni mtu wa kuku!" Atanunua. Lakini hakuficha kwamba akiahidiwa asipoletewa hatanunua tena.

Nataka nikwambie jambo moja zaidi, maana ndilo lililonipa nguvu ya kuandika. Juzi tulirudi kwa yule mpishi. Alikuwa anataka kuku wengi kwa ajili ya sikukuu, akataja idadi kubwa, na akasema atalipa vizuri. Nilimtazama Kahindi nikajua neno "sawa" liko mdomoni. Akatikisa kichwa, akasema, "Siwezi. Sikukuu hii sitakuwa na chochote. Nitakapokuja, nitakuja na wachache, lakini nitakuja." Mpishi akanung'unika, halafu akampa mkono. Kijana yule wa mashuka mabichi, kaka! Kama sikumfunza kingine hapa Likoni, hicho amekipata, na Mwanaisha ndiye aliyemfunza.

Mwanaisha anakusalimu. Hajui ulimwita nani, na sitamwambia. Anasema Kahindi akirudi kutembea alete kuku mmoja wa pilau, na asije na mshipi wa ajabu ajabu kama ule aliokuja nao.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri na nimeacha kulala karibu na dirisha. Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata, kimo ndani ya mkoba wa Kahindi, kimefungwa pamoja na sabuni. Nisalimie baba mdogo anayetuchungia mbuzi, na mjomba wetu wa kanisani, na mama jirani aliyenipikia uji nilipokuja mara ya mwisho nikiwa na homa. Watoto wote wabusu kwenye paji la uso, hata yule asiyependa.

Barua hii amekupa Kahindi mwenyewe. Ameniambia akishakukabidhi atatoka nje, akangoje huko wakati unasoma, kwa sababu hawezi kukutazama usoni. Tumekubaliana hivi: ukisema hapana, atapanda gari arudi huku kukunja mashuka, na hatanung'unika. Ni mtoto wa kutimiza neno, utaona. Ila kabla hujasema, fikiria kwamba watoto wa wenzetu wote wanaomba nauli ya kuondoka. Wako amekuja kukuomba akae karibu nawe.

Mwite ndani, kaka.

Umbu lako akupendaye,
Kache